Wikendi ya wawili na mtoto: panga pesa kwanza, begi baadaye

Mwisho wa mwezi ukikaribia, maswali ya wateja wetu hubadilika. Katikati ya mwezi ni kodi ya nyumba, stima na karo. Mshahara ukiingia, yanaanza ya kutoka kidogo: “Nimetumiwa nambari nilipe dipoziti ya chumba, ni salama?” Au: “Nililipa jana na sasa simu haishikwi, mnaweza kunirudishia?” Swali la kwanza tunalipenda. La pili linatuuma, kwa sababu mara nyingi likitufikia pesa ishatolewa kwa ejenti.

Makala haya tumewaandikia wanaouliza swali la kwanza. Tutapanga wikendi moja kuanzia shilingi ya kwanza mpaka nauli ya kurudi, tukiwachukua kwa mfano wazazi wawili wanaoishi Isinya, kwenye barabara ya Namanga kati ya Kitengela na Kajiado. Mmoja anafanya kazi shamba la maua, mwingine ana duka. Mtoto wao ana miaka mitatu. Hawana gari. Wanataka usiku mmoja tu nje ya nyumba: kula chakula ambacho hawakupika, mtoto akimbie kwenye nyasi, na wao wapate saa mbili za kuongea bila simu ya dukani kulia.

Hilo si jambo kubwa sana kuomba. Lakini likipangwa vibaya, wikendi ya kupumzika inageuka mwezi mzima wa kulipa deni.

Mtoto ndiye anayechagua umbali

Wazazi wengi huanza na picha. Wameona ndovu chini ya Mlima Kilimanjaro, wakasema twende Amboseli. Amboseli ni pazuri kweli, tena iko katika kaunti hiyohiyo ya Kajiado. Lakini kwa mtu wa matatu aliye na mtoto wa miaka mitatu, ni saa kadhaa barabarani, kubadilisha gari, kisha kutafuta gari la kuingia nalo mbugani. Ukiondoa muda wa kwenda na wa kurudi, siku mbili hubaki kipande tu. Amboseli iwekeeni wikendi ndefu, mtoto akishakua kidogo.

Kanuni tunayopendekeza ni rahisi: safari isizidi usingizi mmoja wa mtoto. Akilala mkiondoka, akiamka mmefika. Kwa wakazi wa Isinya, kanuni hiyo inaacha sehemu nyingi wazi.

Mkielekea Kitengela kuna shamba la mbuni la Maasai Ostrich, linalofikiwa kupitia barabara hiyohiyo ya Namanga. Mtoto wa miaka mitatu akimwona ndege mrefu kuliko baba yake, hiyo ni hadithi ya mwezi mzima. Upande wa Tuala, ukingoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kuna Kitengela Glass, karakana inayojulikana kwa vioo na sanamu za rangi. Kwa watu wazima ni mahali pa kutembea polepole, ila mtoto ashikwe mkono muda wote, maana ni vioo.

Mkiweza kuvuka hadi Nairobi, mbuga yenyewe ilifunguliwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na ina kilomita za mraba 117. Msiokuwa na gari mna Nairobi Safari Walk, kando ya Barabara ya Lang’ata, ambako wanyama huonwa kwa miguu. Kwa mtoto, kutembea kwa miguu yake ni bora kuliko kufungwa kwenye kiti cha gari saa tatu mkitafuta simba.

Kuna pia barabara ya Isinya kwenda Kiserian, inayowaunganisha na barabara ya Magadi na eneo la kale la Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe ya binadamu wa kale bado yanaonekana pale yalipopatikana. Lakini bonde hilo lina joto kali. Mtoto mdogo huchoka mapema, kwa hivyo hapo pawe pa asubuhi.

Jambo moja zaidi kuhusu eneo letu: msimu. Kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua inaweza kugeuza udongo mweusi wa tambarare hizi kuwa gundi. Ukitoka tu kwenye lami, boda inateleza na teksi inakataa kuingia. Kabla ya kulipa popote, uliza: “Kutoka lami hadi kwenu ni umbali gani, na mvua ikinyesha kunapitika?” Jibu hilo lina bei yake, kama tutakavyoona kwenye hesabu.

Hesabu ya mfano

Hizi si bei za mahali fulani. Ni mfano tu, ili uone mgao unavyokaa. Weka bei zako mwenyewe baada ya kupiga simu.

- Chumba, usiku mmoja: 6,000
- Chakula cha siku mbili, pamoja na maziwa na matunda ya mtoto: 3,000
- Matatu na boda, kwenda na kurudi: 1,600
- Kiingilio na michezo ya mtoto: 1,200
- Ada za kutuma na kutoa pesa: 200
- Akiba ya dharura: 2,000

Jumla ni shilingi 14,000.

Angalia mistari miwili ya mwisho. Ndiyo watu husahau, na ndiyo huleta kelele Jumapili jioni. Ada ni kidogo, lakini hukatwa. Dharura nayo kwa mtoto mdogo si ubashiri: ni homa ya usiku, ni teksi badala ya boda kwa sababu mvua imeanza, ni nepi zilizoisha mahali ambapo duka la karibu liko kilomita tano. Msipoitumia, inarudi nyumbani nanyi. Akiba haiozi.

Pia, kaeni chini pamoja mkifanya hesabu hii. Mara nyingi mmoja anajua bei ya chumba na mwingine anajua bei ya vitu vya mtoto, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshahesabu yote. Andikeni orodha moja, kwenye simu mbili.

Weka kando kidogo kidogo

Shilingi 14,000 kwa mkupuo mmoja ni pesa nyingi. Gawanya kwa wiki nane: 1,750 kwa wiki, yaani 250 kwa siku. Hapo inaanza kuonekana. Mwenye duka anaweza kuitenga kila jioni akifunga hesabu, na mwenye mshahara akaiweka mara moja kwa mwezi.

Cha muhimu ni kwamba pesa hiyo isikae pamoja na pesa ya matumizi. Pesa iliyo kwenye laini moja na ya unga huliwa pamoja na ya unga, na hakuna wa kulaumiwa. Tumia akaunti ya akiba iliyo kwenye simu yako. Huduma kama M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ina sehemu ya kufunga akiba kwa muda unaouchagua mwenyewe. Ukitaka kuitoa kabla ya muda, inabidi uiombe kwanza, na hicho kizuizi kidogo mara nyingi kinatosha kukurudisha kwenye akili. Wengine hutumia chama cha watu wawili: mume na mke, kila mmoja akiona mwenzake ameweka.

Panga tarehe ya akiba kufunguka siku tano au saba kabla ya safari. Ikifunguka mapema sana, itapata kazi nyingine.

Sasa tuseme wazi kuhusu kufuliza. Huduma ya kukopesha pale salio linapopungua ina kazi yake: umefika hospitalini usiku na salio halitoshi, inakuokoa. Lakini kwa wikendi ya starehe si rafiki mzuri. Kuna ada ya kuanzia, kuna ada ya kila siku mpaka umalize, na pesa yoyote inayoingia kwenye laini yako hukatwa deni kwanza. Kwa mwenye duka maana yake ni hii: Jumatatu asubuhi mteja analipa, na pesa ya kununulia stoki inamezwa na nyama ya Jumamosi. Kama hesabu haijatimia, sogezeni safari mbele wiki mbili. Mtoto hana habari kuwa mlikuwa mwende tarehe fulani.

Dipoziti: hapa ndipo watu huchomwa

Katika safari nzima, pesa iliyo hatarini zaidi ni ile ya kwanza. Ukilipa ukiwa umesimama mapokezini, unaona kitanda na unamwona mtu. Ukilipa dipoziti, unalipa picha.

Matapeli wanalijua hilo. Njia yao ni ya kawaida mno: wanachukua picha za mahali halisi, wanafungua ukurasa wenye jina linalofanana, wanaweka bei nafuu kidogo na nambari ya WhatsApp. Ukiuliza, unajibiwa haraka na kwa heshima. Kisha inakuja ile sentensi: “Wikendi hiyo tumebakiwa na vyumba viwili tu, tuma nusu nikuwekee.” Haraka hiyo ndiyo chambo. Chumba kinaweza kweli kuwa cha mwisho, lakini mwenye hoteli halali hatakasirika ukimwambia, “Nipe saa moja nithibitishe.” Tapeli atakasirika, au ghafla atapata mteja mwingine.

Wazazi mna silaha ambayo wasafiri wengine hawana: maswali ya mtoto. Ulizeni haya, kwa simu ya sauti na si kwa ujumbe:

- Chumba kiko chini au ghorofani? Ngazi zina mlango au kizuizi?
- Bwawa la kuogelea lina uzio? Mtoto akitoka mbio chumbani, kuna nini mbele yake?
- Maji ya moto yanapatikana saa ngapi?
- Kuna neti ya mbu ya kutosha kitanda cha watu watatu?
- Jikoni wanaweza kupasha uji au maziwa saa mbili usiku? Kuna ada?
- Mtoto wa miaka mitatu analipishwa?

Haya ni maswali ya usalama, na majibu yake ndiyo yatawapa usingizi. Lakini yana kazi ya pili. Mtu anayekaa pale anajibu bila kufikiri: “Bwawa liko nyuma ya jikoni, tumezungushia waya, lakini geti lake halifungi vizuri, mshikilieni.” Tapeli hana geti. Atajibu “ndiyo, ndiyo, kila kitu kiko sawa” halafu arudi kwenye nambari ya kutumia pesa. Jibu lenye kasoro ndogo ya ukweli ni dalili nzuri kuliko jibu lisilo na kasoro.

Baada ya simu, fanyeni mambo matatu.

Kwanza, tafuteni nambari ya mahali hapo kwa njia nyingine, si kwenye ule ukurasa uliowapa ya kwanza. Inaweza kuwa kwenye ramani ya mtandaoni, kwenye kibao kilicho barabarani au kwa mtu aliyewahi kwenda. Pigeni nambari hiyo mwulize kama kweli kuna chumba kimewekwa kwa jina lenu.

Pili, ombeni video fupi ya leo. Si picha, ni video ya mtu akitembea kutoka getini hadi chumbani huku akitaja tarehe. Inachukua dakika mbili, na aliye pale hana sababu ya kukataa.

Tatu, tumieni faida ya ukaribu. Mkichagua mahali kati ya Isinya na Kitengela, mmoja wenu anaweza kushuka pale Jumanne akitoka sokoni, aone kwa macho, aguse maji ya bafuni. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko dipoziti. Hakuna programu ya simu inayoshinda macho ya mama aliyekagua chumba.

Mkisharidhika, lipeni kidogo. Kwa chumba cha 6,000, dipoziti ya asilimia 30 ni 1,800, na salio la 4,200 mnalipa mkifika. Anayedai malipo yote mapema aulizwe sababu, na kama mnakubali, iwe ni mahali mlipothibitisha. Kabla ya kutuma, ombeni ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe, idadi ya watu, bei kamili, dipoziti, na kitakachotokea mtoto akiugua msiweze kwenda: pesa inarudishwa, au tarehe inasogezwa? Mtoto mdogo huugua Ijumaa jioni. Swali hilo msiliache.

Till, paybill au nambari ya simu?

Njia ya kulipa nayo ina maana yake.

Ukilipa kwa till, mnunuzi hakatwi ada, na jina la biashara hutokea kwenye simu yako. Ukilipa kwa paybill, kuna nambari ya biashara na nambari ya akaunti. Ada inategemea mpango ambao biashara imechagua, kwa hivyo wakati mwingine unakatwa na wakati mwingine hukatwi. Ukituma kwa nambari ya simu ya mtu, unalipa ada ya kawaida ya kutuma, na pesa inaingia kwenye laini ya mtu binafsi.

Kutuma kwa nambari ya mtu si kosa peke yake. Nyumba nyingi ndogo za wageni zinaendeshwa na familia, na mama mwenye nyumba hupokea kwa simu yake. Lakini kama mahali pana mapokezi, kibao na ukurasa wenye maelfu ya wafuasi, halafu unaambiwa utume kwa nambari ya “meneja wa wikendi,” simama hapo. Kinyume chake pia ni kweli: till si cheti cha uaminifu. Inakuonyesha jina la biashara, haikuonyeshi kama chumba kipo. Ndiyo maana simu na macho huja kabla ya malipo.

Unapolipa, usibonyeze kwa mazoea. Soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Kama hoteli ina jina moja na skrini inaonyesha jina ambalo hujawahi kulisikia, ghairi, kisha piga simu uulize. Mwenye biashara halali atakueleza kwamba kampuni imesajiliwa kwa jina jingine, na utaona kama maelezo yanashikana.

Tuma kwa mkupuo mmoja unapoweza. Ada za kutuma hupangwa kwa madaraja ya kiasi, kwa hivyo kutuma 2,000 mara tano hugharimu zaidi kuliko kutuma 10,000 mara moja. Dipoziti tu ndiyo tunayosema itengwe, kwa sababu pale unalipia usalama.

Kwa mbuga zilizo chini ya KWS, kama Mbuga ya Nairobi, njia ni tofauti. Malipo hufanywa kwenye eCitizen, na paybill ya huduma za serikali, iliyotangazwa mwaka 2023, ni 222222, pamoja na nambari ya akaunti ambayo mfumo wenyewe unakupa. Hakuna afisa anayehitaji utume kiingilio kwa simu yake, wala “ajenti wa getini” mwenye punguzo. Fanyeni malipo hayo nyumbani mkiwa na intaneti nzuri, hifadhini risiti kwenye simu zote mbili, na angalieni viwango vya mtoto kabla ya kulipa, kwa sababu watoto wana bei yao.

Siku yenyewe

Ijumaa usiku gawaneni pesa mara tatu.

Fungu la kwanza ni salio la chumba, chakula na kiingilio. Likae kwenye laini ya mmoja wenu. Fungu la pili ni akiba ya dharura. Likae kwenye laini ya mwenzake, na kama mna laini za mitandao miwili tofauti, bora zaidi. Tambarare zina sehemu ambako mtandao mmoja unasoma na mwingine haupatikani. Simu ikiisha chaji, ikipotea, au ikiangukia kwenye beseni mikononi mwa mtoto, bado mna njia.

Fungu la tatu ni pesa ya kurudi. Hii iwe keshi, noti ndogondogo, imefungwa mfukoni mwa begi la mtoto, na isiguswe. Jumapili jioni magari ya kurudi hujaa na nauli mara nyingi hupanda. Boda wa ndani hana chenji ya elfu moja. Mtoto amelala begani, mvua inanyemelea, na konda anataka jibu sasa hivi. Mwenye nauli ya kurudi mkononi hana haja ya kutafuta ejenti stejini gizani.

Kwenye matatu, ikiwezekana mlipieni mtoto kiti chake. Ni nauli moja zaidi, lakini mtoto anayelala akiwa amenyooka hufika akiwa na furaha, na wazazi pia. Na mkilipa nauli kwa simu, mwonyesheni konda ujumbe hapohapo, msingoje mpaka anayewafuata aanze kubishana.

Mkifika, kagueni chumba kabla ya kulipa salio: maji, kitasa cha mlango, neti, geti la bwawa. Ukishalipa, subiri ujumbe wa kuthibitisha ufike kwenye simu yako, na wao wathibitishe umefika kwao. Kisha weka simu mbali. Kwa kweli. Mwambie aliyeachiwa duka akupigie kwa jambo la dharura tu, na mengine yasubiri Jumatatu.

Onyo dogo: wakati mmetulia ndipo ujumbe wa uongo hufanya kazi vizuri. “Umepokea 3,500… samahani nimekosea nambari, nirudishie.” Usirudishe kwa kutazama ujumbe. Angalia salio lako. Kama pesa haijaingia, hakuna cha kurudisha. Kama imeingia kweli, usimtumie mtu chochote mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia mtandao wake, na wewe uwajulishe huduma kwa wateja. Na yeyote anayekupigia akitaka PIN yako, hata akijua jina lako lote na akisema anatoka kwetu, si wa kwetu. Sisi hatuulizi PIN. Hatujawahi na hatutawahi.

Ikiharibika

Kuna makosa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Ukikosea nambari, dakika ndizo pesa. Kwa M-PESA, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 mara tu unapogundua. Kwa mitandao mingine, piga huduma kwa wateja papo hapo. Ombi likipokelewa pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya aliyeipata, kuna nafasi nzuri ya kuishikilia mpaka jambo liamuliwe. Ikishatolewa, njia inakuwa ndefu. Usianze kwa kumpigia mpokeaji na kumbembeleza. Anza kwa kuripoti.

Ukitapeliwa, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ulituma kwa hiari na kwa nambari uliyokusudia. Bado ripoti mara moja. Ujumbe na nambari za utapeli kwenye Safaricom hutumwa 333. Hifadhi mazungumzo yote, picha za ukurasa na ujumbe wa malipo, usifute chochote kwa hasira, kisha nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB. Hatuwezi kukuahidi kwamba pesa itarudi. Tunachoweza kusema ni kwamba ripoti ya dakika ya tano ina nguvu kuliko ripoti ya siku ya tatu. Wengi huchelewa kwa sababu ya aibu. Aibu ni ya aliyeiba.

Kabla hamjafunga begi

- Mahali pako ndani ya usingizi mmoja wa mtoto, na mmeuliza hali ya barabara mvua ikinyesha.
- Jumla imeandikwa kwenye simu mbili, pamoja na ada na dharura.
- Akiba imetimia bila kufuliza. Haijatimia? Sogezeni tarehe.
- Mmepiga simu mkauliza maswali ya mtoto, na mmethibitisha kwa nambari ya pili, kwa video ya leo au kwa macho.
- Mmelipa dipoziti ndogo, mkasoma jina kabla ya kuthibitisha, na masharti mnayo kwa maandishi.
- Pesa imegawanywa mafungu matatu. Ya kurudi ni keshi na haiguswi.

Wikendi nzuri haipimwi kwa umbali mliokwenda. Inapimwa Jumatatu asubuhi: duka limefunguliwa na stoki ipo, mtoto anamwigizia jirani jinsi mbuni anavyotembea, na kwenye simu hakuna ujumbe wa deni. Mkifika hapo, anzeni kuweka 250 tena.